Gari Linavuja Kulanti: Kuziba, Kulehemu au Kununua Rejeta Nyingine?

Maji yakianza kupungua kwenye rejeta, mwenye gari wa Nairobi hupewa ushauri wa kila namna hata kabla hajafungua boneti. Jirani atamwambia anunue kopo la dawa ya kuziba. Fundi wa kando ya barabara atasema ipigwe lehemu. Muuza spea wa Kirinyaga Road ataweka mezani rejeta mbili, moja mpya ndani ya katoni na nyingine ya mtumba kutoka Japani. Na hakosi mtu wa kumwambia aendelee tu kuongeza maji, mradi abebe mtungi wa lita tano kwenye buti. Ushauri wote huo una mahali pake pa kufaa. Shida ni kwamba hutolewa kabla mtu hajajua gari linavujia wapi, na mara nyingi hutolewa na mwenye kitu cha kuuza.

Mimi hupima kila njia kwa swali moja: ikishafanyika, je, mfumo wa maji utashika presha? Swali hilo lina uzito Nairobi kuliko Mombasa, na inafaa kueleza sababu yake kabla ya kulinganisha chochote.

Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Kwa mwinuko huo, maji yaliyo kwenye chombo wazi huchemka yakifika kama nyuzi 94, ilhali Mombasa husubiri mpaka 100. Sasa tazama injini. Thamostati, ile vali inayoyafungulia maji njia ya kwenda kwenye rejeta yakipata moto, huanza kufunguka karibu na nyuzi 82 kwenye magari mengi madogo ya Toyota, na injini iliyokwisha kupata moto hufanya kazi kuanzia hapo hadi tisini na kitu, hasa kwenye foleni ya Mombasa Road saa kumi na moja jioni. Kwa hiyo, bila presha, maji ya gari la Nairobi yako ukingoni mwa kuchemka hata siku ambayo gari halina ugonjwa mwingine wowote. Kinachoyazuia ni kifuniko cha rejeta. Kifuniko kilichoandikwa 1.1 au 108 kPa (ni presha ileile kwa vipimo viwili) huiacha presha ipande kiasi hicho juu ya ile ya hewa ya nje, na hapo maji matupu hayachemki mpaka yakaribie nyuzi 118. Kulanti, yaani dawa ya maji ya rejeta, ikichanganywa nusu kwa nusu na maji huongeza nyuzi kadhaa tena.

Tundu dogo, basi, halikuibii maji peke yake. Linakuibia presha, na presha ikienda, zile nyuzi ishirini na zaidi za usalama zinaenda nayo. Ukipanda Waiyaki Way kuelekea Limuru, hewa inazidi kuwa nyepesi na injini inazidi kufanya kazi, yote kwa wakati mmoja. Ndiyo maana gari lililovumilia mjini wiki nzima huchemsha Jumamosi likienda shags.

Jua kwanza linavujia wapi

Hapa ndipo pa kutumia muda wako, kwa sababu jibu la swali hili huondoa nusu ya machaguo bila senti kutumika. Fanya kazi hii asubuhi, gari likiwa limelala na injini imepoa kabisa. Usifungue kifuniko cha rejeta injini ikiwa moto, hata kama kuna mtu anakuharakisha. Maji yaliyo juu ya nyuzi 100 chini ya presha hugeuka mvuke mara kifuniko kinapolegea, na mvuke huo huunguza uso na mikono.

Usiku uliotangulia, tandaza katoni kavu chini ya injini. Kulanti huacha doa lenye rangi, liwe la waridi, jekundu, kijani au bluu. Huteleza ukiigusa na ina harufu tamutamu. Ukikuta maji meupe safi yasiyoteleza, na siku hiyo ulikuwa umewasha eisii (kipoza hewa), hayo ni maji ya eisii na gari lako ni zima. Watu wamewahi kubadilishiwa spea kwa sababu ya maji hayo, na inaudhi kusikia.

Kisha fuata unyevu kuelekea juu. Kulanti ikikauka huacha ukoko mweupe au wa rangi yake, na ukoko huo ni shahidi mzuri kuliko doa la chini, kwa kuwa matone husafiri kabla ya kudondoka. Tazama pale tanki la plastiki la rejeta linapoungana na wavu wa alumini. Tazama miisho ya hosi mbili kubwa, ya juu na ya chini, na zile ndogo zinazoingia ndani kwenye hita. Tazama chini ya pampu ya maji, kwenye kitundu kidogo kilichowekwa makusudi ili kitoe maji sili ya ndani inapochoka. Na tazama kifuniko chenyewe: mpira wake ukiwa umepasuka au umekuwa mgumu, huenda umempata mwizi wako tayari.

Kama nje kote ni kukavu lakini maji yanapungua, shuku ndani. Injini ikiwa baridi, fungua kifuniko, liwashe gari na uangalie shingo ya rejeta. Mapovu yanayoendelea kupanda bila kukoma, oili yenye rangi ya chai ya maziwa, au moshi mweupe unaoendelea kutoka hata injini ikishapata moto, hizo ni dalili za kuharibika kwa gasketi ya silinda hedi, ile inayoziba kati ya kichwa cha injini (hedi) na bloku. Ukiona dalili hizo, karibu yote nitakayosema kuhusu kopo na lehemu hayakuhusu tena. Nitafika huko.

Kuna gereji zenye pampu ndogo ya kupimia presha ya rejeta. Hufungwa mahali pa kifuniko, husukumwa kwa mkono hadi kiwango kilichoandikwa kwenye kifuniko, kisha mnangoja kuona kama sindano inashuka. Ukilinganisha na kutazama kwa macho, kipimo hiki kinashinda kwa mbali: hufichua tundu ambalo huonekana injini ikiwa moto tu, na mtu hafanyi kazi karibu na feni inayozunguka. Kama huoni linapovujia, lipia kipimo hiki kabla ya kununua spea yoyote.

Kuongeza maji na kuendelea

Kama njia ya kufika nyumbani au gereji, ni halali. Kama njia ya kuishi na gari, naikataa kwa sababu ya magari tuliyo nayo. Vitz nyingi, na magari mengine madogo ya siku hizi, hayana mshale wa joto. Yana taa ya bluu wakati injini ni baridi na taa nyekundu mambo yanapoharibika. Hata mwenye mshale hayuko salama sana. Maji yakishuka chini ya kihisi cha joto, kihisi hubaki hewani kikisoma mvuke, na mshale unaweza kutulia katikati huku hedi ya alumini ikipinda. Ukilazimika kuendesha hivyo kwa muda, nunua kifaa kidogo cha kusomea kompyuta ya gari kwa simu. Hupatikana kwa wauza vifaa vya elektroniki mjini, na kitakuonyesha nyuzi kwa tarakimu. Lakini nacho hutegemea kihisi kilekile, kwa hiyo hakichukui nafasi ya kutazama kiwango cha maji kila asubuhi.

Gari likichemsha barabarani, zima injini na ungoje. Maji baridi yakimwagwa kwenye injini kavu iliyo moto huweza kupasua au kupinda hedi. Nusu saa kwenye bega la Outer Ring Road inachosha, ila ni nafuu kuliko hedi.

Na maji gani? Hapa kuna ubishi wa siku nyingi kati ya mafundi wetu na vitabu vya magari. Fundi husema, "Mzee, hapa hakuna barafu, kulanti ya nini?" Ana nusu ya ukweli: Nairobi haigandishi maji, na maji matupu hubeba joto vizuri kuliko mchanganyiko wa kulanti. Nusu aliyoiacha ni kutu. Ndani ya injini kuna alumini, chuma, solda na mpira, na kulanti imebeba dawa za kuvilinda vyote hivyo pamoja na sili ya pampu. Gari linalotembea kwa maji ya bomba miaka mingi huishia na tope la kahawia ndani ya rejeta, na tope hilo ndilo hutoboa au kuziba. Maji ya kisima ni mabaya zaidi, kwa sababu ya chumvi na madini yake. Kwa hiyo wakati bado unavuja, ongeza maji safi tu, hakuna haja ya kumwaga kulanti ya bei barabarani. Siku utakapotengeneza, suuza mfumo wote, kisha utie kulanti iliyochanganywa na maji yaliyosafishwa, yale yanayouzwa kwenye vituo vya mafuta kwa ajili ya kuongeza kwenye betri. Soma kibandiko uhakikishe ni maji na si asidi.

Rangi ya kulanti isikudanganye. Hakuna sheria ya dunia nzima inayosema waridi ni hii na kijani ni ile. Soma maandishi ya kopo uone kama inafaa aina ya gari lako, na uangalie kama imeshachanganywa au ni nzito ya kuongezwa maji. Kulanti ya waridi ya Toyota, kwa mfano, ile inayotoka kiwandani na gari, imepangiwa kubadilishwa mara ya kwanza ikifika kilomita 160,000, kisha kila kilomita 80,000. Gari lililonunuliwa likiwa limetumika Japani miaka saba au minane huenda limekaribia hapo siku unayolitoa bandarini.

Kopo la dawa ya kuziba

Hili ndilo chaguo la bei ya chini kabisa na la haraka kabisa, na ndilo lenye sifa mbaya zaidi. Sifa hiyo kwa sehemu imezidishwa. Dawa hizi hubeba chembechembe au nyuzinyuzi, na nyingine hubeba kemikali inayoganda ikikutana na joto na hewa. Maji yanapopenya kwenye tundu, chembe hukusanyika pale na kuziba. Kampuni ya Subaru yenyewe iliwahi kuwaita wenye magari ya injini za lita 2.5 ya miaka ya 1999 hadi 2002 huko Marekani, magari yao yakatiwa dawa ya namna hii ili kuzuia uvujaji wa nje wa gasketi. Kwa hiyo dawa ya kuziba, ikiwa ya aina nzuri na mahali panapofaa, inafanya kazi.

Mahali panapofaa ni pembamba, hata hivyo: kitundu kidogo kwenye wavu wa rejeta wa alumini, kinachotoa tone moja moja. Hosi iliyopasuka hunyumbuka kila presha inapopanda, haizibiki. Sili ya pampu ya maji inazunguka, haizibiki. Tanki la plastiki lenye ufa mrefu halizibiki. Kifuniko kibovu hakizibiki. Kwa makosa hayo manne kopo ni pesa iliyotupwa, na bado uchafu wake utabaki ndani. Unapenda kukaa kwenye mirija myembamba, na mirija ya hita ni miongoni mwa myembamba kabisa. Mkazi wa Nairobi anaweza kudhani hita haina kazi, mpaka siku ya Julai anapopita Limuru kwenye ukungu na kioo cha mbele kinajaa unyevu.

Wapo wanaovunja yai ndani ya rejeta. Yai huganda kwa joto na laweza kukufikisha kwa fundi, lakini baadaye huoza ndani na vipande vyake huzunguka hadi kwenye thamostati. Kati ya yai na kopo, nachukua kopo. Kati ya kopo na kuvutwa na breakdown kutoka Mai Mahiu, bado nachukua kopo. Lakini kopo ni la safari tu, na rejeta nitainunua nikifika.

Kulehemu na gundi

Njia hii ilizaliwa zama za rejeta za shaba. Peugeot 504, Land Rover za zamani na malori zilikuwa na rejeta za shaba na matanki ya shaba nyeupe, na fundi mwenye moto na solda aliweza kuzifanya zidumu tena miaka. Kama gari lako ni la umri huo, lehemu ndiyo chaguo la kwanza na wala usitupe rejeta yako. Rejeta za aina hiyo hazitengenezwi tena kwa wingi.

Rejeta za magari ya leo ni wavu wa alumini uliobanwa kwenye matanki mawili ya plastiki, na katikati kuna mpira. Alumini hujivika ngozi inayokataa solda ya kawaida, kwa hiyo inahitaji mashine na ufundi wake. Ukimpata fundi mwenye mashine ya kulehemu alumini, tundu moja la wazi kwenye wavu linaweza kutengenezwa vizuri. Lakini muulize atafanya nini hasa, kwa sababu wengine huifinya na kuifunga ile mirija inayovuja. Mrija mmoja au miwili ikifungwa hutaona tofauti. Mitano au sita ikifungwa, umenunua rejeta ndogo kuliko uliyokuwa nayo, na utaijua tofauti siku ya jua kwenye foleni ya Jogoo Road.

Kwa tanki la plastiki lenye ufa, gundi ya vichupa viwili hushika siku chache, labda wiki. Plastiki hutanuka na kunywea kila siku injini inapopata moto na kupoa, gundi haitanuki sawa nayo, na presha inasukuma kutoka ndani. Kama maji yanatoka kwenye maungio ya tanki na wavu bila ufa wowote, kuna fundi anayeweza kufungua meno ya alumini, kubadilisha mpira na kuyabana tena. Hiyo ni kazi halisi na inadumu, ila meno hayavumilii kukunjwa mara nyingi, na plastiki iliyozeeka itapasuka mahali pengine.

Rejeta nyingine: ya mtumba, mpya ya bei nafuu, au ya kampuni

Hapa ndipo wengi hufika mwishoni, basi afadhali kufika na macho wazi.

Rejeta ya mtumba mara nyingi hutoka kwenye nosikati, ile pua nzima ya gari iliyokatwa Japani na kuletwa kwa kontena. Faida yake kubwa ni kwamba ilitengenezwa kwa ajili ya gari hilo. Mashimo ya bolti yanakaa, feni inakaa, hosi zinaingia, na wavu ni mnene. Hasara yake ni umri, kwani plastiki yake imepika miaka ileile iliyopika yako. Jinsi ya kuchagua: tazama rangi ya tanki la juu. Plastiki mpya ni nyeusi. Ikizeeka kwa joto hugeuka kahawia, na ya kahawia iliyokolea ni kavu na hukatika kama biskuti pale hosi inapoingia. Pitisha kidole kwenye mapezi ya chini. Yakiporomoka kama unga, iache. Tazama ndani ya shingo kwa tochi ya simu. Ukiona tope la kahawia au mafuta, iache pia, hata muuzaji akipunguza bei mara mbili.

Mpya zisizo za kampuni, nyingi kutoka China na Taiwani, zina plastiki changa, na hilo ni jambo la maana sana. Zinatofautiana kwenye unene. Nenda na rejeta yako ya zamani, au angalau upime unene wa wavu wake kwa rula, kwa kuwa ya milimita 16 inayouzwa mahali pa ya 26 itaingia vizuri kwenye gari na itashindwa kwenye mlima. Linganisha pia mahali pa meno ya chini na mahali pa kufunga feni. Kwa gari dogo la mjini lenye injini ya lita 1.0 au 1.3, mpya yenye unene sawa na ya asili ndiyo ninayoipendekeza kuliko zote tatu.

Rejeta ya kampuni kutoka kwa wakala ni bora bila ubishi, na bei yake ni ya wakala bila ubishi pia. Ningeilipia kwa gari linalobeba mzigo, linalopanda Mai Mahiu kila wiki, au ambalo nimepanga kukaa nalo miaka mingi.

Kuna jambo moja ambalo muuzaji husahau kulitaja, nalo lina uzito kuliko bei. Kwenye magari mengi ya otomatiki, tanki la chini la rejeta lina kipoozeo cha mafuta ya gia ndani yake. Kikitoboka, maji na mafuta ya gia huchanganyika na kuwa kama maziwa ya waridi, na gia otomatiki huharibika upesi. Rejeta ya mtumba yenye kasoro hiyo ya ndani huonekana nzima kabisa nje. Kabla ya kuinunua, ziba tundu moja la kipoozeo kwa kidole, puliza kwenye la pili huku rejeta imejazwa maji, na uangalie kama povu linatokea shingoni. Muuzaji mwaminifu hatakataa. Kwa gari la otomatiki, na hasa la sivitii (CVT, gia otomatiki isiyo na hatua), sababu hii pekee hunisukuma kwenye mpya. Na usinunue rejeta ya manyua kwa gari la otomatiki kwa vile tu iko dukani. Haina mahali pa kufunga mabomba ya mafuta ya gia.

Ukifunga rejeta yoyote, funga kifuniko kipya chenye namba ileile ya presha. Kifuniko ni kitu cha bei ndogo kuliko vyote vilivyotajwa hapa, na nimeona magari yakibadilishiwa rejeta wakati kilichokufa ni mpira wa kifuniko. Usiongeze namba ukidhani unaongeza usalama, cha 1.1 mahali pa cha 0.9 kitazisukuma hosi na plastiki zilizozeeka kuliko zilivyopangiwa.

Nyumbani au kwa fundi?

Kifuniko, hosi na klipu zake, na rejeta ya gari dogo la Toyota au Mazda Demio: nyumbani, kama ploti yako inaruhusu na mlinzi hatakusumbua. Unahitaji spana za kawaida, bisibisi, koleo, beseni pana na subira. Gari la otomatiki litamwaga mafuta ya gia kidogo ukifungua mabomba yake, kwa hiyo nunua mafuta ya aina hiyohiyo mapema na uyaongeze kwa kipimo.

Pampu ya maji inategemea. Kwenye injini kama 1NZ ya Fielder na Probox inazungushwa na mkanda wa nje, na mtu mwangalifu aliyezoea spana anaweza kuitoa. Kwenye Subaru za injini za EJ inazungushwa na mkanda wa taimingi. Mkanda ukirudishwa nje ya alama zake, vali zinaweza kugonga pistoni. Mpelekee fundi wa Subaru, na ubadilishe mkanda na pampu pamoja, kwa sababu kazi ya kufungua ni ileile.

Kwa fundi yeyote, weka sharti moja kabla hajaanza: thamostati irudi. Desturi ya kuitoa na kuitupa imeenea mno mjini. "Fundi wangu, naomba unirudishie na thamostati mpya," sema hivyo kwa upole, na umpe mwenyewe mkononi. Injini isiyo nayo hukawia kupata moto na hunywa mafuta zaidi, na kwenye baadhi ya injini thamostati ndiyo hufunga njia ya mkato ya maji. Ikiondolewa, sehemu ya maji huzunguka bila kupita kwenye rejeta, na gari ulilotaka lipoe linachemsha zaidi.

Kujaza maji ndipo kazi nzuri nyingi za nyumbani huharibikia. Hewa ikibaki ndani, injini huchemsha na mtu akadhani rejeta mpya ni mbovu. Egesha gari pua ikiwa juu kidogo, weka hita kwenye moto kabisa, mimina polepole, na uminye hosi ya juu kwa mkono mapovu yatoke. Washa injini kifuniko kikiwa wazi mapovu yaendelee kutoka, lakini kumbuka tuko mita 1,800: kifunge mapema, maji yakianza kuwa vuguvugu, usingoje yachemke shingoni. Liache lipate moto mpaka feni ijiwashe na kujizima, lipoe kabisa, kisha uongeze. Subaru huhitaji kurudiwa zaidi ya Toyota.

Ikiwa ni gasketi ya hedi

Hapo chaguo ni mbili tu za kweli: kufungua hedi, au kununua injini nyingine ya mtumba. Ukifungua, hedi ipelekwe kwenye mashine ipimwe kama imepinda, na isawazishwe kabla ya gasketi mpya kuwekwa. Fundi anayetaka kuweka gasketi juu ya hedi ambayo haijapimwa anakuuzia miezi michache tu. Kama gari lilichemsha mara moja na likazimwa mapema, nafungua hedi. Kama liliendeshwa likichemsha mpaka likazimika lenyewe, naanza kuuliza bei ya injini, kwa sababu ringi na silinda nazo huenda zimeumia.

Kulanti uliyoimwaga, kwa njia yoyote uliyochagua, isimwagwe kwenye mtaro wala kuachwa kwenye beseni uani. Nyingi ina ladha tamu na ni sumu kali; mbwa, paka na watoto huvutiwa nayo, na kiasi kidogo hudhuru figo. Itie kwenye mtungi wenye kifuniko na maandishi, kamwe si kwenye chupa ya soda, na uulize gereji inayokusanya oili chafu kama itaipokea. Pale ilipomwagika sakafuni, suuza kwa maji mengi kabla watoto wa ploti hawajatoka kucheza.